Kwato za Peku na Mbuzi Tuliyemla

Kaloleni, Jumapili jioni

Mwanangu Syombua,

Habari za soksi, chumvi na watu wa kuepuka kwenye basi mama yako amekwisha kukupa, na nilimsikia akikurudia mara ya pili ulipokuwa ukifunga mkoba. Mimi sina la kuongeza hapo. Tangu nikujue unavaa soksi zisizofanana, na bado unatembea.

Nakuandikia juu ya farasi na juu ya bega langu. Katika nyumba hii mambo hayo mawili huwa tunayazunguka kama sufuria ya moto iliyowekwa katikati ya sakafu. Lakini juzi ulimwambia mama yako kwamba huendi tena Naivasha. Ulisema hakuna mtu wa kumkata Peku kwato za nyuma, kwa kuwa ni wewe peke yako anayekuachia miguu hiyo. Mama yako aliamini. Mimi sikuamini, kwa sababu naijua sababu nyingine, ile iliyotamkwa hapa sebuleni na baba yako mkubwa huku mimi natafuna nyama. Usipoondoka kesho, utakuwa umebaki kwa ajili ya neno ambalo ni mimi niliyepaswa kulifuta, na ninavyokujua, hutaondoka tena. Kwa hiyo nivumilie, nianzie mbali kidogo.

Unajua kwamba mimi na Fundi Makokha tulipigana. Huenda hujui kwamba kabla ya hapo nilimpenda kuliko rafiki yeyote niliyewahi kuwa naye mjini. Alikuwa akiwavalisha farasi viatu vya chuma katika mazizi ya matajiri, upande ule mwingine wa Nairobi, alikokuwa akifanya kazi mjomba wako Kioko. Tupa za kulainishia kwato zikiisha makali, kwa mti bado zina kazi ndefu, na Makokha alikuwa akiniwekea zile kuukuu. Twiga wote wa mti ulioniona nikiwalainisha ukiwa mdogo walipitiwa na tupa zake. Nilikuwa nikienda kuzichukua, nageuza ndoo, nakaa, namtazama akifanya kazi. Ni mtu mkubwa wa Bungoma, asiye na maneno mengi, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kuinamia miguu ya farasi.

Siku niliyomwona Peku mara ya kwanza alikuwa ametoka kumbamiza mtunza farasi mmoja ukutani, na yule kijana alikuwa amelala kwenye nyasi anapiga kelele kwamba nyonga yake imetoka. Wakamfunga Peku kamba kwenye mdomo wa juu, wakaizungusha kwa kipande cha mti hadi mdomo ukawa mweupe. Wanaume wakamning'inia shingoni, mwingine akamshika sikio, na Makokha akapigilia misumari. Farasi alikuwa akitetemeka mwili mzima na macho yamemtoka. Kiatu kikaingia. Kabla Makokha hajanyoosha mgongo, Peku aliupiga teke mlango wa zizi, kile kiatu kikaruka, na kikaenda na kipande cha ukwato kikubwa kama kiganja changu. Damu ilitapakaa kwenye saruji.

Daktari wa mifugo alikuwapo, mama mmoja mtulivu mwenye miwani. Akainama, akatazama, akasema ukuta wa ukwato umekwisha. Bila kiatu farasi hawezi kusimama, na bila ukuta kiatu hakina pa kushika. Mwenye farasi akasema akiwa ndani ya gari kwamba aitwe mtu wa bunduki.

Nikasema, nipeni mimi.

Watu wamekuwa wakiniuliza kilichoniingia ni nini, na nimekuwa nikijibu kwamba nilimwonea huruma. Huruma ilikuwapo, lakini ilikuwa kidogo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana najua kitu. Nilisema mbele ya wote kwamba punda wa Mukuru kwa Reuben wanavuta maji juu ya mawe na chupa zilizovunjika mwaka mzima, na hakuna hata mmoja mwenye kiatu. Makokha hakucheka. Alijipangusa damu mkononi, akaniambia polepole, "Mchongaji, punda amezaliwa kwa mawe. Huyu amezaliwa kwa nyasi, na wakamvalisha chuma kabla hajakomaa. Nyayo zake hazijawahi kufanya kazi." Daktari akaunga mkono kwa maneno ya adabu zaidi. Nakuambia haya kwa sababu unaenda kuishi miongoni mwa watu wa namna yao, na nimekulea ukinisikia nikiwaita vipofu. Hawakuwa vipofu. Walikuwa wameona farasi wengi wakiteseka, na mimi nilikuwa nimemwona mmoja.

Tulimleta kwa miguu, mimi na Kioko, kwato zimefungwa magunia na mipira ya ndani ya magurudumu. Kwenye Barabara ya Jogoo vijana walinifuata wakiniuliza, "Buda, hiyo nyama inaenda bucha gani?" Nafikiri unakumbuka jinsi majirani hapa Kaloleni walivyokaa muda mrefu wakiinusa nyama yao kabla ya kuitia chumvi. Tukamweka kule Mukuru, katika banda la mabati ambamo sisi wachongaji tulikuwa tukihifadhi magogo ya muhugu. Watoto wa pale wakampa jina hilo la Peku, kwa kuwa hakuwa na viatu, na lile jina la Kizungu alilokuja nalo hata silikumbuki.

Sasa nifike kwenye kosa la kwanza, ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya.

Niliinua mguu wake, nikaona ukwato uliopasuka, na mkono wangu ukaona mti. Unajua mchongaji anavyofanya kazi. Ana mnyama kichwani, na kila kilicho nje ya mnyama huyo kinatolewa. Nilikuwa na ukwato mzuri kichwani, wa duara, laini, na niliutafuta ndani ya ule wa Peku kwa kisu na tupa. Nilitoa mipasuko. Nilitoa ngozi ngumu ya chini kwa sababu ilikuwa na mabonde na haikupendeza. Nilifanya minne ifanane, kama tunavyofanya kwa vinyago vya kuuza wawili wawili. Ulikuwa umekuja kutoka shule, ukasimama mlangoni, ukasema, "Baba, lakini miguu yake haifanani." Nikakujibu kwamba sasa itafanana. Nilipofika ule wa nyuma wa kushoto nilikata hadi damu ikatoka, na badala ya kusimama nikaipangusa kwa maranda na kuendelea, maana ulikuwa umebaki upande mmoja tu.

Kesho yake alilala na hakutaka kuinuka. Kioko alimwita Makokha. Alikuja na sanduku lake, akaangalia mguu mmoja baada ya mwingine, na nikaona shingo yake ikivimba. Akasema, "Umemfanya kinyago." Akatoa viatu na misumari, akasema atamvalisha hata kama itabidi avigandishe kwa gundi, na asipofaulu ataleta bunduki mwenyewe. Nikamwambia ni yeye na chuma chake waliomharibu. Nikamwambia pia neno kuhusu kabila lake, ambalo sitaliandika hapa. Ngumi yake ilinichukua meno mawili ya upande huu, hayo unayoyaona hayapo. Nilianguka juu ya magogo, mkono wangu ukapata tezo, na nakuambia, mwanangu, niliinuka nayo nikiwa nimeilenga paji la uso wake. Kioko alinirukia kwa nyuma. Tuligaagaa kwenye matope sisi watatu kama mbwa, na farasi amelala pale pale anatutazama. Makokha aliondoka anatokwa damu sikioni. Hakunipa tena tupa hata moja.

Baada ya hapo sikumgusa Peku. Niliogopa mikono yangu. Ni wewe uliyeanza kumwagia maranda bandani hadi yakafika magotini, na ni wewe uliyekuwa ukimtoa taratibu, kwanza kwenye vumbi laini, kisha kwenye udongo mwekundu wa barabara, murram, kisha kando ya reli kwenye kokoto. Ulikuwa unarudi nyumbani baada ya giza kuingia, mama yako anagomba, na mimi najifanya kusinzia. Ukwato mpya ukaanza kushuka kutoka juu, mnene, na mstari ukaonekana wazi kati ya ule tuliouharibu sote na ule ambao hakuna aliyekuwa ameugusa. Ulikuwa ukinionyesha mstari huo kila wiki. Mwaka haukwisha akawa anavuta mkokoteni wa magogo bila kuchechemea, na wenye punda wakaacha kucheka. Nami nikaanza kusema "farasi wangu" na "kwato zangu," na "niliwaambia."

Hapo ndipo lilipotoka kosa la pili. Nilimtuma Kioko amwambie Makokha na yule daktari waje Jumamosi waone. Sikuwa na haja ya kuwaita. Farasi alikuwa mzima. Nilitaka nyuso zao tu. Na kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja, nilitaka kwato zilainishwe zing'ae, na Alhamisi ile sikukungoja utoke shule.

Miguu ya mbele alinipa. Wa nyuma wa kushoto alikataa, na alikuwa na haki, maana ni ule niliokata hadi damu. Nilijaribu tena, akanipiga teke la paja. Nikamfunga kwenye nguzo. Nikachukua kamba, nikamfunga mdomo wa juu, nikazungusha kama nilivyoona wakifanya kule kwa matajiri, hadi mdomo ukawa mweupe. Bado akakataa. Basi nikachukua ufito wa muhugu nikaanza kumpiga. Sikupiga ili ainue mguu. Huo ulikuwa mwanzo tu. Baadaye nilikuwa nikipiga kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nilimpiga mgongoni, mbavuni, kwenye miguu yenyewe niliyotaka kuionyesha kwa watu. Ufito ukavunjika nikachukua mwingine. Alikuwa akilia sauti ambayo sikujua farasi anayo, na kila alipolia nilizidi, kama vile ananitukana.

Ulifika kutoka shule, ukasimama mlangoni, ukasema, "Baba, wacha." Nilikusikia. Watu waliniambia baadaye kwamba labda sikusikia kwa hasira, nami nikawaacha waamini hivyo. Nilikusikia mara zote mbili. Mara ya pili nilikugeukia nikiwa na ufito juu, na uso uliouona siku hiyo sijui ulikuwa wa namna gani, lakini ulirudi nyuma, ukainama, ukachukua gogo lililokuwa karibu na mlango, ukanipiga.

Mtulinga wa bega langu ulilia kama ukuni mkavu ukivunjika. Nilianguka na maranda yakanijaa kinywani. Peku aling'oa nguzo, akatoka na nguzo inamfuata kwa kamba, akapita Mukuru akipindua mitungi na mikokoteni, na wewe ukamfuata na sare ya shule. Nilichokijua baada ya hapo nilikisikia kwa wengine. Alikimbia lami yote hadi Donholm, watu wakimrushia mawe wakidhani ana kichaa. Ulimpata amesimama kwenye kiwanja, damu inamtoka puani, ukatoa mkanda wa sare yako ukamvuta nao polepole hadi nyumbani. Mwalimu wako alikuchapa kwa kupoteza mkanda ule, nami sikwenda kumweleza.

Hospitalini nilisema farasi amenipiga teke. Nilidhani nakukinga. Ndivyo nilivyojiambia, na hadi leo nusu yangu inaamini. Nusu nyingine inajua kwamba mwanaume wa rika langu alionelea heri avunjwe na farasi kuliko na binti yake wa kidato cha kwanza.

Jumamosi wageni wangu wakaja. Nilikuwa nimefungwa mkono shingoni. Makokha aliinua miguu ya mbele, akapiga ukwato kwa kidole, akausikiliza. Farasi alikuwa amekimbia lami na kokoto na chupa kutoka Mukuru hadi Donholm, na hakuna hata kipande kilichokuwa kimemeguka. Daktari akainama, akatazama muda mrefu, akasema ni ajabu, lakini farasi mmoja ni farasi mmoja, na amekaa mahali pakavu, na tungoje mvua. Alisema kweli. Mvua za El Nino zilipokuja kwato zililainika zikanuka, na ni wewe uliyezikeshea. Lakini siku ile nilikuwa nimeshinda. Kisha Makokha akanyoosha mgongo wake uliopinda, akatazama alama za ufito zilizokuwa zimevimba kutoka bega hadi mkiani. Akaniuliza, "Kwato ni nzuri. Huu mgongo nao umechongwa na nani?"

Nilirekebisha kitambaa cha mkono wangu shingoni. Akauliza nani anaweza kuinua miguu ya nyuma. Ukaenda, ukapiga goti moja kwenye maranda, ukangoja, na Peku akakupa mguu wa kushoto kama anayekupa kitu umshikie. Makokha aliutazama mguu ule, kisha akakutazama wewe. Ninachojua ni kwamba tangu alipohamia lile shamba la farasi Naivasha, amemtuma Kioko mara kwa mara aulize kama yule msichana amemaliza shule, hadi akakuita ukajifunze kazi kwake.

Na sasa lile linaloniuma kuliko yote, ambalo si ufito.

Uongo wangu wa hospitalini ulifika Mukuru kabla yangu. Jumatatu walikuja na mapanga na vyuma. Mbele alikuwa muuza maji ambaye mkokoteni wake Peku aliupindua. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto wanaocheza pale nje, na walikuwa wameambiwa na mimi mwenyewe kwamba farasi amevunja mtu mfupa. Walisema ataua mtoto, afadhali afe leo. Mmoja alikuwa tayari amempiga chuma cha shingo kupitia tundu la mabati. Mimi nilikuwa nimesimama kando, na ilihitajika sentensi moja tu. Nilikuwa nayo kinywani. Nilikuwa naitafutia mahali pa kuanzia.

Wewe hukutafuta. Ulitoka, ukasimama mlangoni mbele ya mapanga, ukasema, "Si yeye alimvunja. Ni mimi. Nilimgonga babangu na gogo. Muulizeni."

Wakaniuliza. Nikatazama chini.

Nilisikia chuma kikidondoshwa. Kisha mama mmoja akakupita upande, akakugeuza, akakupiga kofi la mdomo hadi ukapasuka. Alisema mtoto anayempiga baba yake amelaaniwa. Mwingine akakutemea mate. Nilikuwa karibu kiasi cha kuushika mkono wa yule mama bila kunyoosha wangu. Mkono mmoja ulikuwa mzima, Syombua. Sikuunyanyua. Watu wakatawanyika, Peku akaishi, na ukaingia bandani ukamwosha damu ya shingo kabla ya kujiosha yako.

Habari zikafika kwetu Mwala. Baba yako mkubwa akaja na wazee na mbuzi. Mama yako alilia akisema yeye ni mtu wa kanisa, kisha akakubali, maana aliogopa laana kuliko alivyoogopa mchungaji. Walikuketisha pale palipo sasa meza yenye mshumaa huu ninaoandikia. Walikunyunyizia maji ya majani yaliyochanganywa na ya tumboni mwa mbuzi, ili kuiosha laana. Ukapiga magoti mbele yangu ukaniomba msamaha, mdomo wako bado haujapona, na mimi nikaweka mkono kichwani pako nikasema nimekusamehe. Nilisema kwa sauti nzito, kama mtu mkarimu. Kisha tukakaa tukamla mbuzi. Nilipewa kidari. Nilikila chote.

Hakuna aliyeuliza nilikuwa nafanya nini ulipochukua gogo. Mimi ndiye niliyekuwa najua, na nilikuwa natafuna.

Kabla ya kuondoka baba yako mkubwa alisema, "Mtoto huyu asihame nyumba hii mpaka baba yake amfungue kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu." Watu wakaitikia. Mimi nikaitikia. Na miaka hii yote nimekuona ukiniletea maji ya kunawa, ukiniwekea chai, ukinifungulia mlango, ukikata kwato za farasi wangu, na nimeuona utumwa huo nikauita tabia njema. Nilikuwa nikiisifia mbele ya wageni. Ningeweza kukufungua siku yoyote kabla ya chai ya saa kumi. Sikufanya kwa sababu ilikuwa inapendeza, na kwa sababu kukufungua kungetaka nieleze nilikufungia nini.

Leo alasiri, ulipokuwa umeenda kanisani, nilikwenda Mukuru na tupa. Nilitaka nikuandikie kwamba amenipa mguu, ili uondoke na moyo mwepesi. Nilipiga goti kama unavyofanya. Nilingoja. Miguu ya mbele alinipa. Nilipogusa ule wa nyuma wa kushoto alinirusha hadi kwenye mabati, pumzi ikanitoka, na hapa ninapoandika nimekaa kwa upande mmoja kama mwanamwali. Nilipoanguka kulikuwa na ufito wa muhugu karibu na mkono wangu, na vidole vyangu vilikwenda kwake. Nakuambia ilivyokuwa. Viliushika kabisa. Nilikaa nao nikiutazama, kisha nikautupa nje ya mlango na nikabaki sakafuni hadi aliporudi kula. Nikajaribu tena, akalaza masikio nyuma, nikaacha.

Basi hakunipa. Huenda asinipe maisha yake yote. Kioko amekubali kuja kila mwezi kumkata, vibaya vibaya, na mimi nitakuwa napiga goti pale kila jioni mpaka atakapochoka kuniogopa au mmoja wetu afe. Makokha akikuuliza, mwambie hivyo hivyo. Atakuambia ningemvalisha viatu zamani zile haya yote yasingetokea, na sehemu ya hayo ni kweli. Mbishie kuhusu Peku ukitaka, lakini kazi ya misumari yake jifunze yote. Sikutaka nikuandikie kwamba mimi nilikuwa sahihi na wao walikosea. Peku anatembea bila viatu kwa sababu kuna mtu alimngoja, na mtu huyo hakuwa mimi.

Hofu yake kwangu ni kazi yangu. Usiibebe kwenye mkoba wako.

Kuhusu lile gogo, ulinipiga vizuri. Ungechelewa kidogo ningemwua, na nikimaliza naye nilikuwa nimeshageuka upande wako. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, na kila nikilifikiria nakuta mtu aliyelaaniwa siku ile hakuwa wewe.

Nimemtumia baba yako mkubwa ujumbe, naye atafika na basi la alfajiri. Muuza maji nimemwendea mwenyewe, na yule mama aliyekupiga kofi nimemwendea pia. Wote wamesema watakuja, wakidhani ni chai ya kuaga. Kesho asubuhi nitayasema haya yote hapo mlangoni, mbele yao, kwa mdomo wangu, kisha nitapiga magoti mbele yako, mimi mzima na nyonga yangu hii. Watapiga kelele. Mama yako atanivuta shati, baba yako mkubwa atasema nimerogwa na farasi. Nawe, kwa ninavyokujua, utataka kuniinua.

Usiniinue, mwanangu. Chukua mkoba, pita kando yangu, uende.

Baba yako